Askari Uani kwa Bi Kazija

Jamani, mpaka leo nikimwona Bi Kazija pale Mkunazini navuka upande wa pili wa njia, maana aibu nliyomtia siku ya harusi ya binti yake haina dawa.

Wakati ule nlikuwa nasomea ualimu, na mwalimu wetu alikuwa katutuma tukusanye wadudu, mimi nikaangukia jamii ya nzi waitwao nzi askari (msicheke, ndilo jina lao, baadhi yao wana miiba mgongoni kama waliobeba silaha), nikawapenda kupita kiasi. Basi asubuhi ya harusi, sisi majirani tumekwenda kusaidia, nikatumwa uani kumwaga machicha ya nazi. Naangalia jaani, lo! Wapo wa kila namna: mweusi mrefu ungemdhani nyigu (kumbe haumi, na mbawa zake mbili tu), wa kijani anang'aa kama hariri, na yule wa miiba nliyemtafuta nikachoka!

Ningewakamata kimya kimya, yangekwisha. Lakini mdomo huu! Nikampigia ukelele shoga yangu Mwanaidi, yuko dirishani juu: "Mwanaidi, njoo mbio! Askari wamejaa uani! Weusi, wa kijani, na mmoja ana silaha!"

Sasa kumbukeni, miaka ile mchele ulikuwa wa foleni, na huo wa pilau Bi Kazija kaupata kwa magendo. Kusikia askari tu, jikoni pakawa kiyama. "Ficheni sufuria!" Wapishi wakalibeba sufuria la moto kulikimbiza chumbani kwa bibi harusi, wakajikwaa kizingitini, pilau yote ikamwagika mbele ya mashangazi wa bwana harusi. Mjomba wake bwana harusi, maskini, hana kosa lolote, akajifungia chooni.

Mimi huyo naingia na chupa yangu ya wadudu, meno nje. "Nshampata!"

"Nani?" Bi Kazija, mwiko mkononi.

"Askari."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Huyu nzi?"

"Naam, Bi, lakini si nzi wa kawaida, huyu..."

Mwiko ulinikosa kidogo tu.

Wageni walikula mkate kwa chai. Mjomba alikataa kutoka mpaka alipoonyeshwa, kwa chini ya mlango, kwamba askari mwenyewe yumo chupani.

Tokea hapo nimeapa: nikiona mdudu kwenye harusi ya mtu, hata awe na bunduki kweli, nafunga mdomo, nakula, nakwenda zangu.