Blogu ni yangu, jina wanataka la baba mkwe

Admin, nifichie jina na kijiji, mengine yaweke kama nilivyoyasema, hata pale hasira ilipozidi. Mimi ni bibi, nimeshavuka sabini, Mnyakyusa wa Tukuyu, naishi na mume wangu nje kidogo ya Mbeya mjini. Ninachora picha. Siyo mambo ya kujiliwaza uzeeni, nachora tangu usichana wangu, mwalimu wa misheni aliponiachia brashi zake.

Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alisema, "Mama, nikufungulie blogu, picha zako zisiozee stoo." Nilifurahi jamani! Akauliza tuiite nini. Nikamwambia iitwe kwa jina langu, alilonipa mama yangu. Akasema taratibu, "Lakini mama, watu wanazijua hizi picha kwa jina la babu." Babu anayemsema ni baba mkwe wangu, marehemu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika brashi.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Niliolewa miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia inajengwa. Mbeya ilijaa wageni, mume wangu akaona picha zangu zinanunulika. Mimi nachora jikoni, yeye anazibeba kwenda kuuza kwenye mahoteli, mpaka Iringa. Kwenye kona ya kila picha anaandika jina la baba yake, ndilo la ukoo. Anaandika yeye kwa sababu mimi siruhusiwi. Msiojua niwaambie, kwetu enzi zile mke halitamki jina la baba mkwe wala haonani naye. Nikisikia tu anakohoa njiani naingia migombani, kanga usoni, mpaka apite. Siku niliyouliza kwa nini asiandike jina langu, alinijibu, "Mama Bupe, picha imetoka nyumba hii, ibebe jina la nyumba hii. Ukiandika lako watu watasema nalishwa na mke." Kwani alikuwa analishwa na nani?

Basi yakaja maonyesho Iringa. Nikapeleka picha niliyoipenda kuliko zote, mama yangu mzazi amekaa jikoni kwake anamenya ndizi. Mama alikuwa amefariki mwaka huohuo na hakuacha hata picha moja ya kamera. Nilimchora kwa kumkumbuka tu, mpaka lile kovu la moto mkononi mwake. Mume wangu aliniahidi kwamba ile haiuzwi, inaonyeshwa tu. Nimesimama pembeni ya picha yangu na gauni langu la kanisani, mara nasikia sauti ya baba mkwe. Kumbe kapanda lori kutoka Tukuyu, anataka kuona jina lake likisomwa na wakubwa! Mnadhani nilifanyaje? Nilikimbia nyuma ya turubai la banda nikachuchumaa kwenye majani, kanga kichwani, kama mwizi wa kuku.

Huko nyuma nikasikia yote. Mgeni rasmi akauliza, "Nani kachora?" Mume wangu akajibu, "Ni mimi, mheshimiwa." Akaulizwa, "Na huyu mama ni nani?" Akasema, "Ni mama yangu mzazi." Yesu wangu! Mama yangu mimi! Akaulizwa ile alama ya mkononi ni nini, akacheka, akasema rangi ilimwagika. Watu wakacheka naye, wakapiga makofi. Mimi niko kwenye majani nang'ata kanga nisipige kelele. Ningetoka ningeonana uso kwa uso na baba mkwe mbele ya umati, na kwa aibu ile ningerudishwa kwetu, ambako wa kunipokea hayupo tena. Picha ikauzwa siku hiyohiyo kwa mgeni, akaondoka nayo. Tangu hapo sijamwona mama yangu.

Wiki iliyopita nikayasema haya mbele ya watoto kwa mara ya kwanza. Mkubwa, yuko Dar, akasema kwenye simu, "Mama, yaliyopita tuyaache, jina la babu ndilo linalouza." Mume wangu anakunywa chai niliyomchemshia mimi, hata hakuinua macho. Akasema, "Umri huu unatafuta sifa za nini? Nani atakujua?" Nani atanijua! Mtu huyu kanisani wanamwita msanii wetu, na anaitika! Binti yangu akanivuta pembeni, "Mama, ukiweka jina lako watu watauliza maswali, baba ataaibika, na ana presha. Tuweke la babu juu, lako tuliandike dogo hapo chini." Dogo, chini. Ile kona imenirudia tena. Au nisubiri, eti. Nisubiri nini, afe? Mimi presha sina?

Halafu kuna kitu hawakifikirii. Jina la yule mzee sijawahi kulitamka mpaka leo, na kaburi lake limeshaota majani. Mdomo wenyewe hautaki. Mtu akiniuliza, bibi, blogu yako inaitwaje, nitamjibu nini? Nimwite mume wangu aje anisemee?

Jumapili binti anakuja, sehemu ya jina kaiacha wazi, anataka jibu. Ndugu zangu, nishaurini. Nimstahi mume wangu nilale na jina la baba yake mpaka nizikwe, au niandike langu, na akiumbuka aumbuke? Nifanye nini? Ila asije mtu kuniambia nisamehe. Zile picha nyingine zote nilishamsamehe. Ya mama hapana.

Na wewe admin, nimebadili mawazo. Kijiji ficha, ukoo ficha. Jina langu liache, uliandike kubwa. Naitwa Subilaga.