Sahani ya Mihogo

Juzi tulipiga hema ufukweni Msimbati, na watoto wa hema la jirani wakapiga kelele mpaka kichwa kikaniuma. Nikakumbuka mchana mmoja shambani Nanyamba, tulipohamia kibandani kuokota korosho. Mabibo yalinuka kama pombe, nasi watoto tulikuwa tunapiga madebe nyuma ya kibanda cha Mama Zuhura, jirani yetu mwenye kichanga. Hakutugombeza. Alimletea mama sahani ya mihogo ya kuchemsha.

“Wape watoto, mwenzangu. Labda wana njaa.”

Mama aliipokea akiangalia chini. Mimi niliamini kelele zetu zimempendeza, kwa hiyo tulipomaliza mihogo tukayapiga madebe kwa nguvu zaidi, mpaka mama akatufuata na fimbo. Siku hizi najua kwamba jirani mwenye adabu hamkaripii mtoto wa mwenzake. Humziba mdomo kwa chakula, na mama mtu huona haya.

Basi nami nikampelekea mama wa lile hema sahani ya maandazi.

“Wape watoto, dada. Labda wana njaa.”

“Umejuaje?” akasema, akicheka.

Haukupita muda, sahani ikarudi tupu, ikipigwa kwa kijiko, na watoto wote sita wakauliza kama yapo mengine.