Mama Alipoliita Jembe kwa Neno la Kitabuni

Mama yangu, Genowefa, alipalilia viazi na kabichi miaka hamsini, na jembe lake aliliita haczka, kama alivyoliita mama yake na kijiji chetu kizima, chini ya milima ya kusini mwa Poland. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya hapo. Neno lile lilinitia kinyaa: lilitoka kwa Wajerumani, na vita vilikuwa vimeisha juzi tu.

Kiangazi cha mwaka 1951 akaja bwana mmoja msomi kutoka Krakow, akiwauliza wazee majina ya zana. Alikuwa akichora ramani. Alitaka kujua motyka, jina la kale la jembe lililo kitabuni, walilo nalo hata Wacheki na Wabulgaria, linaishia wapi, na maneno ya kuazima yanaanzia wapi. Wakamwelekeza kwa mama.

Nikawahi kumkalisha mama jikoni.

"Akikuuliza, sema motyka. Usiniaibishe."

"Kwani anamuuliza nani, mimi au wewe?"

"Mama, nakuomba."

Mgeni alikula viazi na maziwa ya mgando nje, mlangoni, kisha akaonyesha jembe lililoegemea ukuta. "Hili mnaliitaje, mama?"

Mama alinitazama kwanza. "Motyka."

Jirani yetu Walenty akacheka ng'ambo ya ua, akimwita mama kwa jina lake la mkato. "Tangu lini, Gienia? Umehamia mjini?"

"Shika lako, Walenty."

Mgeni akaweka kalamu chini. "Na mama yako mzazi, yeye aliliitaje?"

"Mama yangu hakusoma," mama akasema, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipoona aibu, aibu ya kweli. Ningeweza kusema neno moja tu nikamwokoa. Sikusema. Bwana yule akaandika motyka, akaaga.

Tangu siku hiyo mama hakunisemesha tena kwa lugha yake. Kwa Walenty na kwa ng'ombe wake aliyamwaga maneno yote. Nikiingia mimi, alinyamaza, akayapanga kwanza kichwani. "Je, mwalimu angependa supu?" Mimi, niliyenyonya kwake.

Nilimwomba radhi, nikalia, nikamwambia haczka, mama, haczka, sema upendavyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwa miaka kumi na tisa, mpaka tunamzika, jibu lake lilikuwa moja, tena bila hasira:

"Hapana, mwalimu. Naweza kukosea."