Tanzanaiti ya Marehemu Mikidadi

Bi Zuwena wa Mji Mkongwe hakuwa mtu wa kuamini fundi. Kitambaa alichopeleka kwa mshonaji alikitia fundo la uzi mwekundu kwenye pindo, asije akabadilishiwa. Kwa hiyo Sufiani sonara alipomkabidhi kidani chenye tanzanaiti ya marehemu mumewe, Mikidadi, alikitoa kwanza nje, juani.

Jiwe lilikuwa zambarau.

Miaka ishirini na mbili lilikaa kwenye pete ya Mikidadi, bluu kama wino, na ndani yake mkiwa na ufa mwembamba kama unywele. Sasa hata huo ufa hakuuona.

"Sufiani, jiwe langu liko wapi?" aliuliza aliporudi ndani.

"Ndilo hilo, mama. Juu lilikuwa limemeguka, nikalilaza ubavu. Chembe za jiwe hili zimejipanga kwa safu. Mwanga ukipita huku unatoa rangi hii, ukipita kule unatoa nyingine."

"Na mimi nikilala ubavu nageuka Mzungu?"

Dija, jirani aliyefuatana naye, aliangua kicheko. Sufiani hakucheka. Duka lilikuwa la babu yake, na kwa mdomo wa Dija, kabla ya adhuhuri mji mzima ungemwita mwizi.

"Litoe nilione."

"Mama, ni gumu kila upande isipokuwa mmoja, na ndio nitakaousukuma. Linaweza kupasuka."

Upande mmoja tu, na ukawa huo huo! Bi Zuwena alivikazia macho vidole vya Sufiani, kama anavyokazia mizani ya muuza dagaa.

"Litoe."

Sufiani akainua vishikio vya dhahabu kimoja kimoja, kisha akasukuma. Mlio ulikuwa mdogo, kama punje ya mchele chini ya jino. Jiwe likatoka vipande viwili, palipokatika pakiwa laini kama kioo.

Bi Zuwena akaokota kile kikubwa. Zambarau. Akakigeuza: bluu, wino uleule, na ule ufa umelala mahali pake, kama alivyouona kila siku mkononi mwa Mikidadi.

"Ni lenyewe," alisema. Kisha kwa ukali, "Dija, umesikia? Ni lenyewe. Huko uendako ukaseme hivyo."

"Nimesikia, Bi Zuwena."

Sufiani alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Naweza kuvifanya hereni. Safari hii uchague upande mwenyewe."

Bi Zuwena alivigeuzageuza vile vipande kiganjani.

"Viache hivyo hivyo," akasema. Akavifunga kwenye ncha ya kanga, akatoka na kidani kitupu mkononi.