Kichwa cha Ombui Kililipiwa Mara Mbili

Kwetu Magwagwa, katika milima ya Kisii, mtu akitaka kusifu akili humtaja mwalimu. Mimi humtaja bibi yangu Nyamoita, mwanamke pekee ninayemjua aliyelipa kodi kwa furaha. Nilimsikia akisimulia mara ishirini, na kila mara alicheka kabla ya kufika mwisho, akatuharibia utamu.

Mwaka wa 1938 mumewe, Ombui, alikuwa ametimiza miaka miwili machimboni ng'ambo ya mpaka, upande wa Musoma. Alituma shuka, akatuma jembe, na mwezi wa tatu akatuma cheti chake cha kodi ya kichwa, kwa maana serikali ya Tanganyika ilikuwa imemtoza huko huko alikochuma. Aliyekileta ni mchuuzi mmoja wa ngozi, mtu ambaye mdomo wake hauna mlango. Alisema kule mwanamume hutozwa kwa kila mke, na wake wote huandikwa kwenye karatasi. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba amesikia Ombui ana mwanamke Musoma. Akamaliza ugali wa wimbi wa bibi yangu, akanawa mikono, akaenda zake. Mimi ningemlisha pilipili.

Nyamoita hakujua kusoma. Waliojua walikuwepo, lakini kumpa mmoja wao karatasi ile kulikuwa sawa na kuutangazia mlima mzima. Yeye na Ombui walibatizwa siku moja kule Nyanchwa, wakaapa mume mmoja, mke mmoja. Basi akakifunga cheti katika kitambaa, akakichomeka kwenye nyasi za paa juu ya kitanda, na kwa miezi mitano akalala chini yake akikiogopa.

Asubuhi moja akaja karani wa kodi. Huyo alikuwa Mogaka, mdogo wa marehemu baba yake Ombui, kwa hiyo kwa Nyamoita alikuwa baba mkwe kamili. Kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna chinsoni, heshima yenye kuta. Haingii nyumbani mwake, hawataniani, na mambo ya ndoa hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Mogaka alisimama mbali, karibu na migomba, macho chini. Alifuatana na askari aitwaye Okoth, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Mogaka aliiambia migomba kwamba Ombui hajalipa, na kwamba mtamba mwekundu atachukuliwa. Nyumba ile haikuwa na ng'ombe mwingine.

"Tata," bibi akasema, maana kwetu ndivyo baba aitwavyo, "amelipa huko anakofanya kazi. Mtu ana kichwa kimoja. Kikilipiwa Musoma, hapa mnalipisha kipi?"

Okoth akacheka. Mogaka akaomba kukiona cheti, na hapo ndipo bibi alipotambua kwamba amejifunga kamba mwenyewe. Asipokitoa, mtamba anakwenda. Akikitoa, kitasomwa. Aliingia ndani, akaketi kitandani, akawaza kuwaachia tu mtamba waende. Kisha hasira zikampanda. Miezi mitano ya kuogopa karatasi ilikuwa imetosha.

Akakitoa. Mogaka akasoma kimya, akafika mahali fulani, akakohoa. Akarudia pale pale, akakohoa tena, jasho likamtoka. Bibi akajua amefika penye habari ya wake. Yeye hakuweza kuuliza, na Mogaka hakuweza kusema. Wakasimama hivyo, mmoja akitazama nyasi, mwingine akitazama mawingu, na mtamba akiendelea kula.

Mwishowe Mogaka akamvuta Okoth nyuma ya mgomba, akamnong'oneza. Okoth, ambaye hakuwa na chinsoni na mtu yeyote katika mlima ule, akatokeza na kutangaza.

"Mama, karani nasema hivi. Kichwa, moja. Mke, moja, jina yake Nyamoita. Mwanamke ya pili hapana. Hata nusu hapana."

Bibi alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Furaha ilimpanda miguuni kama siafu, akacheza hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka, mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mke mwenye adabu hafanyi. Mogaka aligeuka akaukumbatia mgomba asione. Okoth akampigia makofi.

Akiwa bado ameukumbatia, Mogaka akasema hana hakika kama cheti cha Tanganyika kinakubaliwa huku. Atakipeleka boma, Kisii, aulize, na mtamba angoje. Maskini, hakujua anasema na nani. Bibi alikuwa ameshafungua kamba na kumtia Okoth mkononi.

"Mchukueni," akasema. "Kichwa kama hicho nakilipia hata mara mbili."

Mogaka alikataa, bibi akamsukuma mtamba kwa nyuma, na mwisho wakaenda naye.

Ombui alirudi mwaka uliofuata, akauliza ng'ombe wake yuko wapi. Alipoambiwa ameenda kwa kodi, akafoka. Yeye si alishalipa? Cheti si alituma? Ni mwanamke gani mwenye akili timamu anayetoa ng'ombe bure? Nyamoita alicheka mpaka akaketi chini. Hakumweleza siku ile wala siku nyingine yoyote, na babu yangu alikufa akiamini kwamba alioa mke mwema sana, ila hesabu hajui.