Mashine Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la Idi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekaa nyumbani miaka kadhaa nikiota mchana, na nilivyosikia neno "kazi" nikadhani nitakalishwa mezani. Bi Tausi, mwenye karakana, alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuolewa au kufanya kazi?"

"Kazi, bibi."

"Basi kavue hayo maua. Hapa tunavaa grisi."

Karakana ilikuwa Utende, kando ya Ghuba ya Chole. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza, na boti za injini ziliongezeka kila msimu: za doria, za wageni wanaozamia, za wavuvi. Kila boti ilikuja na ugonjwa wake. Nyinyi mnaoanza sasa mnaagiza kipuri kwa simu. Sisi kipuri tulikichonga.

Aliyechonga ni Fundi Mkuu, mtu wa Tabora. Alikuwa amestaafu karakana ya reli kule bara, Bi Tausi akamleta kwa mkataba. Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mpole, na kofia yake ya reli haikutoka kichwani hata akila. Siku ile ile aliniita kwenye mashine ndogo ya kukerezea vyuma, ambayo sote tuliiita lethi.

"Unakijua kinu cha kusagia nazi?" akaniuliza.

"Nakijua."

"Sahau. Kule meno ndiyo yanayozunguka; hapa chuma ndicho kinachozunguka, kisu kimetulia. Chuma kikizunguka, kisu kinakimenya kama kiazi. Kilemba chako kifunge nyuma, na mikono ya nguo usiiache wazi. Mashine haijui kama wewe ni chuma au ni mtu."

Basi nikaanza kwa kufagia maganda ya chuma, yale yaliyojikunja kama nywele, yanakata kidole kabla hujayagusa vizuri. Baadaye nikashika kisu. Nikajifunza kukata hesi, yaani ile mistari ya kufungia nati, na kukereza ncha ya shafti, ule mhimili unaozungusha propela, iwe nyembamba mwishoni ili propela ikae bila kucheza. Nilitumwa Bweni kwenye jenereta, nikatumwa Bwejuu na spana mapajani, nikatapika njiani kwenda na kurudi. Niliipenda kazi ile mpaka nikawa naiota.

Sasa niseme habari ya treni. Msicheke.

Kila alasiri, kazi za wateja zikiisha, Fundi Mkuu alifunua kitambaa kwenye kona yake. Chini ya kitambaa kulikuwa na kichwa cha treni ya mvuke, urefu wake kama mkono wangu kuanzia bega. Si sanamu, jamani. Kilikuwa na birika la shaba la kuchemshia maji, pistoni za kwenda na kurudi, kila kitu. Na kisiwa chetu hakina reli hata ya kufungia mbuzi.

"Ya nini, Fundi?" nilimuuliza.

Akafuta mikono taratibu. "Ujana wangu wote nimechonga vipande vya treni za serikali. Kipande changu kimoja, cha mwenzangu kimoja. Treni inapita, siwezi kusema hii ni yangu. Nataka moja ambayo kila kipande chake kimepita mikononi mwangu. Hata kama ni ndogo."

Alibakiza magurudumu makubwa tu, na hapo ndipo alipokwama. Lethi yetu ilikuwa fupi kwa kimo. Chuma kinazunguka juu ya kitanda cha mashine, na gurudumu ambalo nusu ya upana wake inazidi nafasi iliyopo linagonga kitanda. Angeweza kulipeleka Dar likakerezwa kwa siku moja, lakini hilo hakulitaka hata kulisikia. Na mkataba wake ulikuwa unaisha na mwaka. Na kule Tabora hakukuwa na mashine iliyomngoja.

Kwa bahati, Bi Tausi naye alikuwa amechoka kurudisha boti kubwa kwa kuwa shafti zake hazikuenea kwenye lethi yetu. Asubuhi moja akatangaza: "Nendeni Dar mkaniletee mashine ya kukereza. Ndefu. Ndefu kuliko zote mtakazoziona."

Mwelewe Bi Tausi. Baba yake alikuwa na vyombo vya bahari, na kisiwani kwetu kitu cha maana hupimwa kwa urefu. Mashua, kamba, nyavu, vyote huulizwa urefu kwanza. Kimo cha mashine nani alikuwa akikiwaza? Fundi Mkuu alikuna kidevu, akaitazama kona yake.

Dar tulimkuta dalali mwenye banda lililojaa mashine kuukuu. Mbili zilitufaa. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama mtumbwi wa kwenda Chole, lakini imekaa chini, kimo chake hakikuzidi sana cha yetu. Ya pili ilikuwa fupi, pana, kimo chake kikubwa, imevimba kichwani, pale chuma kinaposhikwa na kuzungushwa. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikapitisha ukucha kwenye kitanda karibu na kichwa, mahali panapolika zaidi, kutafuta mabonde. Nikazungusha mkono wa kisu kwenda na kurudi nione unazunguka bure kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Nikaomba ziwashwe, nikasikiliza gia. Zote zilikuwa nzima.

"Tunachukua ipi, Fundi?"

"Chagua wewe."

"Ile fupi gurudumu lako linaenea."

"Ndiyo maana nasema chagua wewe," akasema, akageuka kutazama barabara. "Chagua kama mimi sipo."

Nilisimama pale, nikazitazama zote mbili. Nikichukua ndefu, treni imekufa. Nikichukua fupi, nitamwambia nini Bi Tausi? Ndipo nikaona kichwa cha ile fupi kina tundu lililotoboka upande hadi upande. Nikaingiza mkono, ukapita hadi kiwiko.

"Fundi. Shafti zinazoletwa kwetu huwa zimeharibika wapi?"

"Nchani," akasema, bado anatazama barabara. "Kwenye hesi na pale propela inapokaa."

"Katikati je?"

"Mara chache sana."

"Basi shafti tunaipitisha humu tunduni, mwili wote unabaki nje huku nyuma tumeuegemeza, tunachonga ncha tu. Hata ikiwa ndefu kama mnazi!"

Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa. "Hilo nililiona tangu tulipoingia. Nikaogopa ni roho yangu tu inataka."

Tukachukua fupi. Boti ya mizigo ilipoishusha ufukweni Utende, Bi Tausi alikuwa amekwisha simama, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo ndefu?"

"Bibi, ina tundu…"

"Nimewatuma pweza, mmeniletea kaa! Shafti ya kwanza isipoenea humo, hiki kidude kinarudi kilikotoka, na nyinyi wawili mtakisindikiza."

Mashine ilikuwa nzito hata haijulikani pa kuishika. Akaitwa Mzee Shomari, mkalafati, yule anayeziba nyufa za mashua kwa pamba. Yeye kuvuta alikujua kwa namna moja tu, ile ya kushua chombo, yaani kukiburuta hadi majini. Akapanga magogo ya minazi, akafunga kamba, akaita kijiji. Wanawake walipika uji na maandazi kama desturi inavyotaka, mzee akaimbisha, watu wakaitikia na kuvuta, na lethi ikapanda mchanga kama mashua iliyokosea njia.

"Jamani, inaenda nchi kavu!" mtu akapiga kelele. "Nahodha wake kalewa!"

Tukala uji, tukalala. Asubuhi nilipofika, harufu ilinipokea barabarani. Mzee Shomari alikuwa ameamkia kazini kwa hiari yake. Chombo kipya hupakwa mafuta ya papa, naye alikuwa ameipaka mashine yote, kila pembe, kwa moyo mweupe kabisa. Kitanda, gia, na mkanda wa mota.

"Chumvi haiigusi sasa," akasema akitabasamu.

Fundi Mkuu akamshika mkono. "Ahsante sana, mzee wangu. Ahsante." Alisubiri mpaka mzee amepotea kwenye kona ndipo akakaa chini akacheka hadi kofia ikaanguka. Mimi nilitaka kulia. Mkanda uliteleza, mota ikazunguka na kichwa kimesimama tuli. Siku nyingi kati ya zilizobaki kwenye mkataba wake tulizitumia kufungua kila kipande na kukiosha kwa mafuta ya taa.

Ilipowaka, ililetwa shafti ya boti kubwa ya wageni. Bi Tausi akavuta kiti akakaa mbele yetu. Tukaipitisha tunduni, nikachonga ncha, nikakata hesi, nati ikapanda kwa vidole tu. Bi Tausi akaifungua nati na kuifunga tena mwenyewe.

"Kaa ana nyama," akasema, akaondoa kiti.

Lakini habari ilienea, zikaja shafti kutoka kila upande. Foleni ikatumeza. Magurudumu yakabaki konani, mabichi kama yalivyotoka kwenye kalibu ya kumiminia chuma, mpaka ikafika siku ya mwisho ya Fundi Mkuu. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Nikamwona Bi Tausi anakwenda kulifunga lango.

"Leo hatufanyi kazi," akawaambia. "Mwenye haraka apige kasia."

Kisha akamwambia Fundi Mkuu bila kumtazama, "Haya, kachonge hayo magurudumu yako."

Aliyachonga yote mchana ule. Mimi nilimshikia taa na kufagia maganda, kama siku ya kwanza. La mwisho lilipotoka lilikuwa bado la moto, akaligeuza kiganjani mara nyingi. Hakukuwa na nafasi tena ya kuwasha moto tuione ikitembea. Akaifunga treni kwenye blanketi. Akaomba kitu kimoja tu, chupa ndogo ya mafuta ya papa, ya kulainishia pistoni. Mzee Shomari alimletea mwenyewe, amevaa kanzu.

Mimi nilibaki na ile mashine hadi macho yangu yalipoanza kukataa mistari midogo. Sasa nimestaafu, mashine bado ipo, wameishika vijana. Wakiniuliza lethi nzuri ni ipi nawaambia waanze na kazi inayowasubiri, ndipo watazame chuma. Siku za joto bado inanuka papa kidogo pale kwenye gia. Wanalalamika. Mimi navuta pumzi.

Miezi kadhaa baada ya Fundi Mkuu kuondoka, simu ya Bi Tausi iliita, akanipa. Nikaitega sikioni. Nikasikia chaf, chaf, chaf, ikaenda mbali, ikarudi, na watoto wakipiga kelele.

"Umesikia?" akauliza Fundi Mkuu.

"Nimesikia, Fundi. Inatembea!"

"Wajukuu wanaililia kutwa. Hawa hawajawahi kuona bahari, mwanangu. Jana mmoja kaniuliza, babu, treni zote huwa zinanuka samaki?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, zilizo nzuri tu."