Tabaka la Pembezoni mwa Jiwe

Binti yangu alinipigia simu tarehe 2 Februari, saa kumi jioni, nikiwa jikoni kwangu Mkata nakoroga uji mzito. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo tarehe siipotezi, madaftari ninayo. Yeye, niliyemsomesha Korogwe kwa mihogo ya shamba hili, sasa anapima mitetemeko ya ardhi kwenye kisiwa cha volkano, mbali na kwetu. Ardhi ya huko ilikuwa imetikisika siku tisa mfululizo.

"Mama, Ijumaa inakuja meli ya kuwaondoa watu. Sisi wapimaji tunaruhusiwa kubaki. Ukisema rudi, nitarudi."

"Kwanza niambie huo mlima utalipuka tarehe ngapi."

Akacheka. "Mama na tarehe zako! Hakuna anayejua."

Nilimtaka anieleze taratibu. Akasema kisiwa chao kimezunguka kaldera, shimo pana lililobaki mlima wa kale ulipodidimia. Chini yake imelala magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ya zamani, nzito, iliyoanza kupoa. Sasa magma changa, yenye moto zaidi, inapenya kutoka chini na kuchanganyika nayo. Ile ya zamani inapata joto upya, gesi zinajitenga, na kwa uzito wake hazipati njia ya kutokea.

Uji ulikuwa umetulia juu. Ghafla ukapasuka, tone likaniunguza mkono. Sikumwambia.

"Ndani ya mawe kuna fuwele, vipunje vya madini vinavyong'aa kama chumvi ya mawe," aliendelea. "Magma changa ikiingia, fuwele huota tabaka jipya pembezoni. Tukilipima, tunakadiria mchanganyiko ulianza muda gani kabla ya mlipuko."

"Basi lipimeni."

"Jiwe tunalipata likishatoka, mama. Baada ya mlipuko."

Siku mbili sikutulia. Nilipalilia mstari uleule mara mbili. Jirani aliniuliza kama nimepoteza kuku, kwa jinsi nilivyouzunguka uwanja.

Siku ya tatu nikafungua daftari la mwaka jana. Mume wangu alifariki tarehe 19 Juni. Lakini tarehe 3 Machi nilikuwa nimeandika: *Mzee ameacha chai.* Tarehe 21 Aprili: *Amepumzika mara mbili njiani kutoka shambani.* Mwandiko mzuri, ulionyooka. Nilijivunia kuandika, kusoma nilisoma tulipokwisha kumzika.

Jioni hiyo, tarehe 5, akapiga tena.

"Umeamua, mama?"

"Hivyo vyombo vyenu vinaandika kila siku?"

"Kila sekunde."

"Na anayesoma ni nani?"

"Mimi na wenzangu wawili."

"Basi baki usome. Ila siku ukiona la kukutisha, panda boti, hata wakubwa wako wakikucheka. Usisubiri kuwa na hakika."

"Mama, unalia?"

"Moshi wa kuni."

"Si unapikia gesi wewe?"

Meli iliondoka tarehe 6 bila yeye. Tangu hapo hunipigia kila siku saa kumi. Mimi huandika anayoniambia, kisha hurudi nyuma kurasa tatu na kuzisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, kama tulivyofundishwa darasani.

Leo ni tarehe 14. Saa kumi imepita kwa dakika ishirini, na simu haijalia. Ninasoma.